Fundi Nguchiro na Njia ya Chini ya Lami

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana lami ilikuwa imeshafika, wanyama walikuwa na nchi yao, na serikali yao, na ghala la serikali lililojaa mpaka mlango wake ukawa haufungi vizuri. Mfalme alikuwa Tembo. Waziri wa Ujenzi alikuwa Kifaru, ambaye macho yake, msicheke, yaliishia kwenye pembe yake. Mkaguzi Mkuu alikuwa Twiga. Huyo aliona mpaka vilima vya mbali, ila kilichokuwa kati ya kwato zake mwenyewe hakukijua.

Na chini kabisa, ndani ya kichuguu cha zamani, alikaa Nguchiro na mkewe. Mwili mdogo, mkia mrefu, na ulimi! Jamani, ulimi wa Nguchiro ungeweza kumuuzia chura maji, na chura akashukuru.

Sasa, ile lami. Binadamu walikuja na matingatinga yao, grrr, grrr, wakailaza katikati ya nchi. Huku yakabaki malisho, ng'ambo ukabaki mto. Masika hakukuwa na taabu, maana madimbwi yalijaa kila mahali. Lakini kiangazi kikiingia, mwenye kiu hana budi kuvuka. Vuuum! limepita lori la mkaa. Vuuum! limepita lori la mchanga. Na aliyekutwa katikati, basi tena.

Jirani yake Nguchiro alikuwa Bi Digidigi. Ninyi mnawajua digidigi, hutembea wawili wawili, mume na mke, mpaka kufa. Basi mume wa Bi Digidigi alitoka asubuhi moja ya kiangazi kwenda mtoni, na hakurudi. Alimwacha mkewe na mimba. Mtoto alipozaliwa, Bi Nguchiro ndiye aliyemkanda mzazi, na Nguchiro ndiye aliyepasua kuni za kuchemshia maji. Mtoto akaitwa Tunu. Tangu siku hiyo Bi Digidigi alimwita Nguchiro kaka, na Tunu alipoanza kutamka maneno, akamwita Mjomba.

Nguchiro alipenda kuitwa Mjomba. Alikuwa akijifanya hasikii ili aitwe tena.

Basi siku moja mfalme aliitisha baraza. Ndi! Ndi! Ndi! wakubwa wakafika wakaketi mbele. Wadogo wakabanana nyuma, kama ilivyo ada. Bi Digidigi akasimama, Tunu kamshikia miguuni.

"Mtukufu Mfalme, naomba kusema."

"Sema, mama," akasema Tembo.

"Ghala la serikali limejaa. Kila nyumba imetoa. Nyuki wametoa asali, kindi wametoa karanga, kwerea wametoa mtama. Naomba serikali itoe humo, ichimbwe njia chini ya lami. Magari yapite juu, sisi tupite chini. Kila mmoja na njia yake."

"Pfff!" Kifaru akapuliza pua, vumbi likamrukia kila mtu. "Ghala limewekwa kwa mambo makubwa! Si tulikubaliana lijengwe lango la mji, na juu yake iwekwe sanamu ya pembe?"

"Pembe ya nani?" akauliza Ngiri kwa sauti ya upole.

"Ya... pembe tu! Pembe kwa jumla!"

Twiga akakohoa kule juu kwake. "Mimi nashangaa. Mimi huvuka kila siku. Natazama kulia, natazama kushoto, lori nalionea mbali. Anayegongwa ni mzembe."

"Bwana Mkaguzi," akasema Bi Digidigi, "shingo hiyo tungegawiwa sote, nisingesimama hapa leo."

Kha! Kha! Kha! baraza likacheka. Hata Tembo alificha mdomo kwa mkonga. Bi Digidigi hakucheka. Alingoja wamalize, kisha akasema polepole, "Mume wangu hakuwa mzembe. Alikuwa mfupi."

Tembo akatikisa masikio yake, akasema, "Ghala lifunguliwe. Nani atachimba?"

"Mimi hapa!" Nguchiro akaruka juu ya kisiki. "Mimi, Mtukufu! Bwana Kifaru akichimba, njia itakuwa bonde. Bwana Twiga akichimba, nani atamfikishia jembe juu kule? Kazi ya chini ni ya sisi wa chini. Nipeni asali ya kuanzia na karanga za kutia nguvu, na mnilipe iliyobaki siku ya kukabidhi."

Bi Digidigi alimtazama kwa macho ya furaha, na Nguchiro akajiona mrefu kuliko Twiga. Wala tusimsingizie. Siku hiyo alikusudia kuchimba kweli.

Akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru! Kwaru, kwaru, kwaru! Udongo wa juu ulikuwa laini. Alifungua mdomo wa njia mpana, ambamo Pundamilia angeingia kichwa juu, na mama mwenye mtoto angegeuka bila kumkanyaga mwanawe. Kila jioni Bi Digidigi alimletea uji, na Tunu aliingia kucheza humo, anapiga makelele, anacheka akisikia sauti yake ikirudi.

Halafu akafika chini ya lami yenyewe. Ko! Jembe likagonga. Ko! Ko! Binadamu walikuwa wameshindilia mawe huko, yakashikana kama meno. Nguchiro akachimba, kucha zikauma. Akachimba tena, jembe likavunjika mpini. Na kule nyumbani mtungi wa asali ulikuwa umekaa pembeni mwa jiko, unamngoja.

Akatafuta upenyo kati ya mawe. Akauona. Akajipenyeza kwa tumbo, fyuu, akatokea ng'ambo. Tundu lenyewe lilimtosha yeye na mkia wake tu. Ng'ambo akachimba mdomo mwingine mpana, mzuri kama ule wa kwanza, maana udongo wa huko nao ulikuwa laini. Kwa hiyo njia ilikuwa na mlango wa kifalme huku, na mlango wa kifalme kule, na katikati koo la nyoka.

Akaketi akayatazama mawe yale. Akajiambia, "Nitayamaliza baadaye."

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea. Nyumba mpya ikikabidhiwa, fundi huingia chumba cha ndani kabisa. Mwenye nyumba husimama mlangoni akapiga hodi. Fundi akiitika "karibu", basi nyumba imekwisha, na ujira hutolewa palepale. Kuchungulia ni mwiko. Anayechungulia amemwambia fundi mbele ya watu kwamba ni mwongo, na mkubwa hainamishi kichwa kutafuta uwongo wa mdogo. Na hodi ikishapigwa, lazima iitikiwe. Asiyeitika hodi hana malezi, na asiyengoja kuitikiwa hana malezi zaidi.

Nguchiro aliijua desturi hiyo toka utotoni. Akaipindua kichwani, akaitazama upande wa pili, na akatabasamu.

"Kesho nakabidhi," akamwambia mkewe.

"Umemaliza mawe?"

"Mawe yapo. Lakini nani atayaona? Wao watapiga hodi, mimi nitaitika niko ng'ambo, watafurahi. Kiangazi bado kiko mbali. Njia ya serikali haipitwi mpaka ipigwe ngoma ya ufunguzi. Mvua zikikatika nitakuwa nimeyatoa yote."

"Na usipoyatoa?"

"Mke wangu, mimi ni fundi!"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, fundi," akasema Bi Nguchiro, akaendelea kuchambua kunde.

Siku ya makabidhiano wakubwa wote walifika. Kifaru alikuwa amejipaka tope jipya. Nguchiro akainama mbele ya mfalme. "Fundi anaingia chumba cha ndani," akatangaza, akatoweka, fyuu.

Tembo akamwashiria waziri wake. Kifaru akasogea, akagonga kichaka badala ya mlango, akaelekezwa, akasimama sawasawa. "HODIII!"

Kutoka mbali, ng'ambo ya lami, sauti nyembamba ikaja kupitia mawe: "Karibuuu!"

"Imepenya!" Kifaru akaruka. "Imepenya mpaka kule!"

"Na mimi namwona," akasema Twiga, shingo imenyooka juu ya barabara. "Nguchiro huyoo! Yuko ng'ambo, anapunga mkia. Mimi Mkaguzi Mkuu nimeona kwa macho yangu, njia imefika."

"Kuna haja ya mtu kuingia?" akauliza Tembo, kidogo tu, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Aingie kabla ya ngoma ya ufunguzi?" Kifaru akashtuka. "Mtukufu! Watu watasemaje?"

Basi ikapita. Vigelegele! Lulululu! Kwenye mdomo wa njia ukawekwa mwiba wa kufungia mpaka kiangazi, na mitungi ya asali ikabebwa kutoka ghalani mpaka kichuguuni kwa Nguchiro. Ilikuwa mingi hata ikabidi yeye na mkewe walale wamejikunja.

Nguchiro alicheka siku ile mpaka mbavu zikamuuma. Waliompita kwa ukubwa mara elfu amewaweka mfukoni wote, tena bila kutoka jasho! Alimwigizia mkewe jinsi Kifaru alivyogonga kichaka. Mkewe alicheka kidogo, halafu akaacha.

Jioni Bi Digidigi alikuja. Hakuja na uji. Alikuja na kikoi cha mumewe, kilichobaki sandukuni tangu siku aliyotoka asirudi.

"Kaka," akasema, "sina cha kukulipa. Hiki nilikuwa namwekea Tunu, amkumbuke baba yake. Lakini sasa Tunu hatahitaji kumkumbuka mwingine tena, kwa ajili yako. Chukua."

Watoto wangu, hapo ndipo mahali. Katika maisha ya kila mtu pana mahali pale, na mara nyingi pana moja tu. Nguchiro alifungua kinywa. Neno lilikuwa limeshafika ulimini: Mama Tunu, usiingie mle kwanza. Maneno machache tu, hata pumzi hayamalizi. Lakini akaona macho yake yalivyomtazama, na akaona kwamba akisema hatatazamwa hivyo tena.

"Ahsante, dada," akasema. Akakipokea kikoi.

Mvua zikanyesha. Nguchiro akasema, udongo umelowa, nitachimba ukikauka. Udongo ukakauka. Akasema, mpini wa jembe haujapatikana. Mpini ukapatikana. Akasema, leo joto. Mtungi ukaisha, akafungua mwingine. Mara nyingine akiwa amelala aliyasikia yale mawe, ko, ko, akageukia upande wa pili.

Mwaka ule kiangazi hakikupiga hodi. Kiliingia tu. Madimbwi yakakauka upesi kuliko yalivyozoea, na asubuhi moja Nguchiro aliamka akaona nyasi zimegeuka rangi. Akachukua jembe, akachukua na kibuyu cha asali kwa ajili ya nguvu, akapita chini ya mwiba, akapenya tundu lake mpaka ng'ambo. "Leo," akasema, "leo natoa mawe yote, Mungu shahidi."

Na kweli alianza. Ko! Ko! Akatoa jiwe moja. Ko! Akatoa la pili. Jua likapanda. Akasema apumzike kidogo kivulini, mdomoni mwa njia, anywe kifuniko kimoja cha asali. Akanywa kimoja. Akanywa na cha kumsindikiza. Asali na joto havikai pamoja na kazi. Kichwa kikamlala begani.

Hakusikia ngoma ya ufunguzi. Malori yalikuwa yakipita juu, vuuum, vuuum, yakaimeza. Hakumsikia mpiga mbiu wa serikali upande wa pili: "Amri ya Mfalme! Kuanzia leo ni marufuku kupita juu! Njia ni ya chini! Atakayekanyaga lami atawekwa ndani!" Hakuwaona Pundamilia, na Kuro, na Ngiri na wanawe, wamejipanga na kiu yao. Wala hakuona jinsi walivyompisha Bi Digidigi atangulie, maana ndiye aliyeiomba njia.

Bi Digidigi akasimama mlangoni, Tunu ubavuni. Alikuwa mwanamke mwenye malezi. Akapiga hodi.

"Hodi!"

Kimya. Pundamilia nyuma akanong'ona, "Ngoja, labda hawajasikia."

"Hodi, hodi!"

Ng'ambo, katikati ya usingizi wake mtamu, sauti ile ilimfikia Nguchiro. Hakuamka. Mdomo wake ndio ulioamka. Kitu ulichofundishwa kabla hujaota meno hakingoji akili.

"Karibu," akasema. "Karibuni ndani."

Ndipo akazinduka.

"La!" Akaruka. "La, la, la! Nimesema nini?"

Lakini walikuwa wamekwisha kuingia. Kwata kwata kwata! kwato zikavuma ndani ya ardhi. Bi Digidigi mbele, nyuma yake kiu ya nchi nzima. Walipofika kwenye mawe, Bi Digidigi akasimama. "Hapana njia! Jamani, hapana njia! Rudini!" Walio nyuma hawakusikia, wakasukuma. Vumbi likajaa. Watoto wakalia.

Nguchiro akajitosa tunduni kwa upande wake, anatambaa, anapasuka magoti. "Mama Tunu! Rudi! Hapapitiki!"

"Kaka? Ni wewe? Mchukue Tunu! Mchukue mtoto, wanatukanyaga!"

Akamsukuma mwanawe kwenye lile tundu. Tunu alikuwa mchanga bado, mwembamba. Nguchiro akaupapasa mguu wake gizani, akaushika. "Nishike, mwanangu. Ni mimi Mjomba. Nishike sana." Akamvuta kati ya mawe, kidogo kidogo, mpaka wakatokea kwenye mwanga, ng'ambo, wamejaa vumbi wote wawili.

"Yuko salama!" Nguchiro akapiga kelele tunduni. "Mama Tunu, mtoto ninaye! Rudi nyumbani, nitamleta!"

Lakini mama ni mama. Wale wa nyuma walipokwisha kurudi nje, wakikohoa, wakilaumiana, Bi Digidigi naye alitoka. Hakuangalia amri ya mfalme wala mpiga mbiu. Mwanawe yuko ng'ambo, na njia ya chini haipo.

"Tunu! Mama anakuja! Anakuja kwa juu!"

"Usije!" akalia Nguchiro. "Dada, usije!"

Puuuuu! Lori lilipiga honi. Vuuum.

Halikusimama. Yale hayasimami.

Nguchiro alimziba Tunu macho kwa mikono yake miwili, na kwa kuwa mikono ilikuwa midogo, akamziba na mkia.

Baraza liliketi siku ya tatu, baada ya matanga. Nguchiro alikwenda akiwa ameshaandaa shingo yake. Alijua ataulizwa, na alijua kwamba safari hii ulimi hautamsaidia. Akasimama nyuma, kati ya wadogo.

Kifaru ndiye aliyesimama kwanza. "Imeporomoka!" akasema. "Njia ilikuwa nzima, mimi mwenyewe nilipiga hodi ikaitikiwa. Udongo umeporomoka. Ni kazi ya Mungu."

"Nami niliikagua," Twiga akadakia upesi. "Niliona kwa macho yangu imefika. Imeporomoka, hakuna zaidi."

Tembo aliwatazama kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Lakini akisema njia haikuchimbwa, itabidi aseme ni nani aliyeipokea. Akashusha pumzi. "Imeporomoka," akasema. "Ghala lifunguliwe tena. Fundi Nguchiro, utatutengenezea?"

Mnaona? Hila yake ilikuwa imefaulu kuliko alivyoipanga. Wakubwa wenyewe walikuwa wameikumbatia, na sasa walikuwa wanamlipa mara ya pili! Siku nyingine angecheka mpaka alfajiri. Nguchiro alitazama chini.

"Nitachimba," akasema. "Asali siitaki."

Na akachimba. Kiangazi kile, na masika yaliyofuata, na kiangazi kingine. Alitoa mawe moja moja. Hakukubali msaidizi. Kucha zake ziliisha, zikaota, zikaisha tena. Mkewe alimletea chakula akala akiwa amesimama. Wanyama wakasema, "Huyu ndiye fundi! Huyu ana uchungu na nchi!" na kila sifa ilimwingia kama mwiba. Akawaomba wakubwa wamruhusu kila mtu aingie, aone, apapase kwa mikono yake, na mara hii hakuna aliyethubutu kusema ni mwiko.

Tunu alilelewa kichuguuni. Bi Nguchiro alimsuka, alimfundisha kuchambua kunde. Nguchiro alimtengenezea kitanda, akamtandikia kile kikoi cha baba yake. Alimtafutia majani machanga, na akiugua alikesha naye. Wala hakufanya hayo kwa kujitakasa, alimpenda. Alimpenda mpaka akasahau kuogopa, na kulikuwa na siku nzima nzima ambazo alijiona kama mtu mwema.

Ila Tunu alikuwa mtoto wa maneno machache. Wakati mwingine, Nguchiro akiwa anazungumza mezani, alimkuta anamtazama mdomo.

Siku ile njia ilipokamilika, kutoka huku mpaka kule, pana kote, Pundamilia alipita, Kuro akapita, Ngiri akapita na wanawe mikia juu. Malori yalivuma juu na hakuna aliyeyajali. Kulikuwa na ngoma, na Kifaru alitoa hotuba, ndefu. Watu walipotawanyika, Tunu alibaki mlangoni mwa njia. Alikuwa amekuwa msichana, na mkononi alikuwa na kifurushi.

"Unakwenda wapi na mzigo huo?" akauliza Nguchiro.

"Mjomba, nataka kukuuliza kitu."

"Uliza, mwanangu."

"Siku ile mama alipiga hodi. Nani aliitika?"

Kumbe swali alilolingoja barazani akiwa ameandaa shingo, lilikuja siku aliyokuwa na furaha, mahali pasipo na hakimu. Angeweza kusema. Hakuna ambaye angemsikia ila Tunu. Lakini mazoea yana taabu. Ulimi wa Nguchiro ulikuwa mwepesi tangu kuzaliwa kwake, na ulitangulia kama ulivyotangulia siku ile.

"Ah, ule ulikuwa mwangwi, mwanangu. Mashimo yana mwangwi. Si unakumbuka ulikuwa ukicheza nao?"

Machozi yalimlenga Tunu, hakuyafuta.

"Mwangwi ungesema hodi, Mjomba," akasema. "Shimo halijui kukaribisha."

Nguchiro akaziangalia kucha zake.

"Niliijua sauti," akasema Tunu. "Niliisikia ikisema karibuni ndani, na baada yake niliisikia gizani ikisema nishike, mwanangu. Ni ileile. Nimejua tangu siku ile. Nilikuwa mdogo, nikasema moyoni, Mjomba ataniambia mwenyewe. Nikangoja. Kila siku uliyotoka na jembe nilisema, leo akirudi ataniambia. Ungeniambia hata asubuhi hii, ningebaki."

"Tunu..."

"Sikuchukii. Umenilea, na mkeo naye amenilea. Na njia hii ni nzuri, nimeipapasa jiwe kwa jiwe. Lakini siwezi kulala tena kwenye nyumba ninayodanganywa kwa upole."

Akamshika mkono, ule wenye kucha zilizoisha, akauweka shavuni mwake kidogo. Kisha akauachia. Akaingia kwenye njia, akatembea bila haraka, kichwa juu. Nafasi ilimtosha na ikabaki. Alitokea ng'ambo, akaelekea mtoni, na vichaka vya huko vikamficha.

Nguchiro alisimama pale mpaka jua likachwea. Alikuwa amemdanganya Tembo, na Kifaru, na Twiga wa macho marefu, wote kwa asubuhi moja. Aliyeshindwa kumdanganya alikuwa mtoto, na huyo ndiye peke yake ambaye Nguchiro alitamani asingejaribu kumdanganya.

Basi ninyi wadogo mnaopenda kuwacheka wakubwa, chekeni sana, lakini lishikeni hili: ukimdanganya mkubwa, tazama kwanza nani amesimama chini yake.